Uwanja wa ndege wa Santa Monica: kama ni mali ya jiji, mbona jiji limeshindwa kuufunga miaka yote hii?

Mgeni_wa_Pwani

Wakuu, salamu kwenu.

Niko Los Angeles tangu mwaka jana, kimasomo. Jumapili iliyopita nilikwenda Santa Monica, nikajikuta nazunguka kando ya uzio wa ule uwanja mdogo wa ndege kwa saa mbili nzima. Vindege vya injini moja vinapaa na kutua, na ng'ambo ya uzio nyumba za watu zimepangana. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akaniambia niangalie vizuri, kwa sababu mwisho wa 2028 panaweza kufungwa. Nikauliza anayefunga ni nani, akasema ni jiji, ndilo lenye mali. Akaongeza kwamba jiji limekuwa likihangaika na jambo hilo tangu yeye ni kijana.

Hapo ndipo sikuelewa. Kitu ni chako, unakifungaje kwa kuhangaika miaka arobaini? Na uwanja wenyewe ulianzaje mpaka ukawa katikati ya makazi? Anayejua naomba anieleweshe. Nataka pia kujua ndani kuna nini, maana kutoka nje nimeona mabanda tu.

---

Mjaza_Mafuta

Mdogo wangu, karibu. Nimefanya kazi pale miaka minne, nikijaza mafuta ndege na kuzivuta kuziingiza mabandani. Nimeshaondoka lakini mahali pale sijapasahau, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kwanza hilo la nyumba. Watu wengi hudhani uwanja uliletwa ukawekwa kati ya nyumba. Palikuwa shamba la shayiri, na marubani wa zama za vita ya kwanza walianza kulitumia kutua. Miaka ya 1920 likaitwa Clover Field, kwa heshima ya Greayer Clover, rubani wa Marekani aliyekufa katika vita hiyo. Mwaka 1926 jiji likainunua ardhi. Nyumba nyingi unazoziona zilijengwa baadaye, na utaona kwa nini.

Donald Douglas, mtengenezaji wa ndege, alikuwa na kiwanda chake barabara ya Wilshire, ndani ya studio ya filamu iliyoachwa. Ndege zake za kuzunguka dunia, zile World Cruiser za jeshi, ziliondoka Clover Field tarehe 17 Machi 1924 kwenda Seattle, ambako safari yenyewe ilianzia rasmi. Zilikuwa nne, kila moja na jina la mji: Seattle, Chicago, Boston na New Orleans. Ile yenye jina la Seattle iligonga mlima Alaska, Boston ikapotea katika Atlantiki, na watu wake wote wakanusurika. Zilizobaki zilifunga mzunguko Septemba mwaka huo huo, na hizo ndizo ndege za kwanza kuizunguka dunia. Kila nilipokuwa nasukuma gari la mafuta alfajiri nilikuwa nalikumbuka hilo. Ardhi ile ile.

Tarehe 18 Agosti 1929 yakaanzia hapo mashindano ya wanawake marubani ya kuvuka Marekani hadi Cleveland. Louise Thaden alishinda. Amelia Earhart, ambaye kila mtu anamjua, alikuwa wa tatu.

Miaka hiyo hiyo Douglas alihamishia kiwanda uwanjani. Tarehe 17 Desemba 1935 ikapaa DC-3, ambayo huenda hakuna ndege iliyobadilisha usafiri wa abiria kuliko hiyo. Ile iliyosimamishwa nje ya jumba la makumbusho la hapo uwanjani ndiyo DC-3. Wakati wa vita ya pili kiwanda kilifanya kazi usiku na mchana kwa zamu, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Kwa hofu ya kupigwa mabomu, kiwanda chote kilifunikwa wavu juu ya nguzo, na juu ya wavu ukajengwa mtaa wa uongo: nyumba za mbao na turubai, miti ya waya na manyoya ya kuku. Ukiwa angani unaona kitongoji tu. Inasimuliwa kwamba hata marubani wa nyumbani walihangaika kuuona uwanja wao.

Wale wafanyakazi walihitaji pa kulala. Ndiyo nyumba zenyewe. Mtaa ulikuja kukifuata kiwanda na kukizunguka, na mwisho wa miaka ya 1950 Douglas alipotaka njia ya kurukia irefushwe kwa ajili ya jeti ya DC-8, wenyeji walikataa na jiji likakataa. Jeti ikajengwa Long Beach. Mwaka 1975 kiwanda cha Santa Monica kikafungwa kabisa. Kilichoileta mitaa kikaondoka, mitaa ikabaki na kelele.

Sasa swali lako lenyewe. Vita ilipoanza serikali kuu ilikodi uwanja kutoka kwa jiji, ikaupanua kwa fedha zake. Mwaka 1948 ikaurudisha kwa hati ya makabidhiano, na hati hiyo ilikuwa na sharti: ardhi iendelee kutumika kama uwanja wa ndege, la sivyo serikali inaweza kuidai. Viwanja vingi vya miji Marekani vilirudishwa hivyo hivyo, chini ya sheria ya mali za ziada za vita ya 1944. Juu ya hapo kuna fedha za ruzuku. Jiji likipokea fedha za mamlaka ya anga, yaani FAA, za kutengeneza lami au taa, kwa kawaida linajifunga kuendesha uwanja miaka 20 kuanzia hapo. Santa Monica ilichukua ruzuku 1994, ikaongezewa kidogo 2003, na FAA ikashikilia kwamba saa ya miaka 20 inahesabiwa upya kuanzia 2003.

Kwa hiyo jiji ndilo mwenye nyumba, lakini funguo moja iko Washington. Jiji lilijaribu kuzuia jeti miaka ya 1970, mahakama ikakataa. Mwaka 1984 wakaafikiana kuuacha wazi hadi 2015. Mwaka 2008 madiwani wakapiga marufuku jeti zenye kasi kubwa ya kutua, na 2011 wakashindwa mahakamani. Novemba 2014 wapiga kura walipitisha pendekezo lililoitwa LC: uwanja ukifungwa, hapajengwi chochote ila bustani na viwanja vya michezo mpaka wao wenyewe waulizwe. Mwishowe Januari 2017 jiji na FAA wakatia saini makubaliano mbele ya mahakama. Njia ya kurukia ifupishwe kutoka futi 4,973 hadi 3,500, uwanja ubaki wazi hadi tarehe 31 Desemba 2028, na baada ya hapo jiji liamue lenyewe.

Ufupishaji ulifanyika Desemba 2017. Jeti kubwa zikaacha kuja, kwa sababu futi 3,500 ni kama mita 1,070 na hazitoshi.

Ndani kuna nini? Njia moja tu. Namba zake ni 03 na 21, maana yake upande mmoja unaelekea nyuzi kama 30 za dira na mwingine 210. Ndege nyingi hupaa kwa 21, kuelekea bahari. Kuna mnara wa waongoza ndege, shule za urubani, mafundi, mabanda ya kukodi, maegesho ya nje ambako ndege hufungwa kwa kamba tatu ardhini, mbili za mbawa na moja ya mkia, na mafuta. Mabanda mengine ya zamani yamekuwa karakana za wasanii, na moja kubwa hukodishwa kwa tamasha na sherehe. Upande wa kusini kuna bustani ya umma yenye uwanja wa mpira.

Kwenye mafuta naomba nikae kidogo, maana ndiyo kazi niliyoijua kwa mikono. Ndege za injini za pistoni hutumia petroli ya ndege, inatiwa rangi ya buluu. Jeti hutumia mafuta yaliyo karibu na mafuta ya taa, hayana rangi au yana umanjano kama wa majani makavu. Ukimtilia mwenye pistoni mafuta ya jeti, injini inaweza kuwaka, ikapaa naye, ikafa angani kwa kuwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba yameisha na yale mabaya yamefika. Ndiyo sababu mdomo wa pampu ya jeti hufanywa bapa na mpana, usiingie kwenye tundu la ndege ndogo.

Wiki yangu ya kwanza nilimjazia mama mmoja, rubani mtu mzima sana, mwenye ndege ya viti viwili. Nilipomaliza nikageuka niondoke. Akaniita, "Rudi, mwanangu, tuangalie pamoja." Akakinga bilauri ya plastiki chini ya bawa, akabonyeza kijibomba, akainua bilauri juu dhidi ya ukuta mweupe wa banda. Buluu nyororo, na chini kabisa kitone kikitembea peke yake kama shanga ya kioo. Maji. Yaliingia usiku kwa unyevu wa bahari. Alimwaga kwenye ndoo ya taka, akakinga tena, mara tatu, mpaka shanga ikaisha. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka kwenye ndege bila kusubiri mwenyewe ainue bilauri yake.

Nikisikia watu wanabishana kama uwanja ule ni wa matajiri au sivyo, namwona yule mama. Viwanja vikubwa havina nafasi ya mtu kumwita mjaza mafuta arudi aangalie.

---

Jirani_wa_Magharibi

Kaka Mjaza Mafuta, umeeleza vizuri na nimejifunza mengi. Lakini mimi nimeishi miaka sita chini ya njia wanayopitia wakipaa, na nina watoto wawili, hivyo naomba na upande wetu usikike.

Hiyo petroli ya buluu unayoisifia ina risasi ndani yake, yaani ile metali yenye sumu. Petroli ya magari imeshaondolewa risasi, ya ndege hizi bado, na inaruhusiwa kufikia nusu gramu na zaidi kidogo kwa lita. Shule za urubani ndizo huzunguka zaidi, ndege ile ile mara nane, mara kumi kwa saa moja. Sisi hatukatai historia. Nilimpeleka mwanangu kuiona DC-3 na akaipenda. Ila hekta 92 katikati ya mji wenye bustani chache si kitu kidogo, na watu wa hapa walipiga kura wakasema wanataka bustani, hawakusema maghorofa.

---

Mjaza_Mafuta

Dada Jirani, kuhusu risasi sibishani nawe hata kidogo. Mikono yangu ilinuka mafuta yale miaka minne na daktari alinipima damu kwa sababu hiyo. Mafuta yasiyo na risasi yanapaswa kuwa yameenea kila uwanja siku nyingi zilizopita.

Kwa ajili ya mwenye uzi niongeze kwamba kelele zina kanuni kali pale. Hakuna kuwasha injini wala kupaa kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na wikendi hadi saa mbili. Nje ya ncha zote mbili za njia kuna vipimo vya sauti, na ndege ikizidi desibeli 95 rubani anaandikiwa. Wanaopaa kuelekea bahari huombwa wapinde kidogo kushoto wapite juu ya uwanja wa gofu wa Penmar, si juu ya mapaa ya watu. Harrison Ford, mwigizaji, alitua kwenye majani hayo ya gofu Machi 2015 baada ya injini ya ndege yake ya zamani kuzima muda mfupi tu baada ya kupaa. Aliumia, lakini hakugonga nyumba. Ndani ya uwanja wenyewe Septemba 2013 jeti ndogo ilitoka njiani ikagonga banda, watu wanne wakafa. Kwa hiyo hofu ya majirani naielewa.

---

Kalamu_Nyeusi

Mbona Chicago walifunga wa kwao usiku mmoja? Meya alituma tingatinga na mambo yakaisha.

---

Mjaza_Mafuta

Hayakuisha, mkuu. Hiyo ni Meigs Field, kando ya Ziwa Michigan. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2003 Meya Richard M. Daley alituma tingatinga zikachimba alama kubwa za X katikati ya njia. Ndege 16 zilikuwa zimeegeshwa pale, zikanaswa. Baadaye ziliruhusiwa kupaa kwa kutumia njia ya pembeni. Jiji lilitozwa faini ya dola 33,000 na likarudisha dola milioni moja za ruzuku za viwanja vya ndege. Ni kweli uwanja haukurudi, leo ni bustani. Lakini wapo waliolala wakiwa na uwanja wakaamka hawana, bila taarifa kwa yeyote, hata kwa waongoza ndege. Santa Monica wamebishana miaka mingi, lakini kila mtu anaijua tarehe. Mimi naona hilo lina heshima yake, hata kama tarehe yenyewe inaniuma.

---

Mgeni_wa_Pwani

Asanteni sana wakuu, na dada Jirani pia. Nimeelewa habari ya funguo mbili. Jumamosi nitarudi. Niende saa ngapi, na nisimame wapi?

---

Mjaza_Mafuta

Nenda mapema, kama saa mbili na nusu. Miezi hii ukungu wa bahari hukaa chini mpaka saa nne hivi, na wanafunzi wengi hawaruhusiwi kupaa kabla haujainuka. Utawakuta wamesimama karibu na ndege zao, bilauri mkononi. Simama upande wa kusini, karibu na makumbusho, uso kaskazini ili jua lisikuumize macho. Ukungu ukianza kupasuka utasikia injini ya kwanza kabla hujaiona.