Mwangwi kwenye simu ya intaneti: acheni kutuambia tuzime ruta na kuiwasha

Ndugu wanajamvi, nimechoka. Ninafanya kazi nyumbani, Kisasa hapa Dodoma, kwa simu ya intaneti, na kila nikipiga simu ya mezani ya ofisi yoyote, sauti yangu hunirudia sikioni: nasema "habari za asubuhi", nasikia "za asubuhi" wakati mwenzangu ameshaanza kujibu, tunakatizana, kisha wote tunanyamaza tukisubiriana.

Huduma kwa wateja wana jibu moja tu: zima ruta, washa, punguza sauti ya spika. Nimefanya yote hayo, na jibu hilo linaniudhi kwa sababu halihusiani na nilichowaeleza. Anayesikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe kwa kawaida siye anayeusababisha. Sauti imefika upande wa pili na huko ndiko iliporudishwa. Kama spika yangu ndiyo ingekuwa inanaswa na maiki yangu, angelalamika ninayezungumza naye.

Ushahidi nimewapa. Nikimpigia rafiki wa Nkuhungu mwenye simu ya intaneti, hakuna mwangwi. Simu ya mkononi, hakuna. Ni simu za mezani pekee, hata nikivaa hedifoni. Kwa hiyo kinachopaswa kukaguliwa ni mtambo unaounganisha intaneti na laini za waya, mahali ambapo njia ya kwenda na ya kurudi huingizwa kwenye jozi moja ya waya, na ukinzani wa umeme wa mtambo na wa laini usipolingana, sehemu ya sauti huvuja na kurudi. Simu za zamani nazo zilikuwa na mwangwi huo, ila ulirudi upesi mno sikio lisiutambue. Kwenye intaneti sauti hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, husubiri kupangwa, na mwangwi ukichelewa kupita milisekunde 25 hivi, sikio huanza kuusikia kama sauti ya pili.

Kifuta mwangwi cha kazi hiyo kipo, na kina kiwango chake cha kimataifa, ITU-T G.168, lakini hukaa kwenye mtambo. Mteja hawezi kukirekebisha akiwa sebuleni kwake! Ninadai fundi wa mtambo aukague, na lalamiko langu lipewe namba ya kumbukumbu, kwa kuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, humtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma wake, nami nitahitaji kuthibitisha kwamba nilianzia huko.

Walioko Ilazo, Area D, Nzuguni na kwingineko wanaopata hali hii, andikeni saa mliyopiga na aina ya simu mliyoipigia, niviambatanishe na lalamiko langu.