Alfabeti ya Kigiriki: nifuate matamshi ya kale au ya leo?

Swali

Wanajukwaa, habari zenu. Nina nia ya kusoma Agano Jipya kwa Kigiriki, na kwa wiki tatu sasa ninakariri herufi zake 24. Majina nimeyashika, tangu alfa hadi omega, lakini kusoma neno zima kunanishinda, kwa sababu kila nikiona ν ninasoma v, na nikiona ρ ninasoma p. Isitoshe, kitabu changu kinasema β ni b, ilhali rekodi ninazosikiliza zinatamka v. Nifuate lipi?

Jibu la 1

Ndugu, vyote viwili ni sahihi, ila kila kimoja kina zama zake. Kitabu chako kinafuata matamshi ya kale, yanayohusishwa na Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, aliyeandika kuyahusu mwaka 1528. Rekodi zinafuata Wagiriki wa leo. Ukichagua ya leo, Kiswahili kimekwisha kukufundisha sauti ambazo wengine huzitolea jasho: θ ni th ya thelathini, δ ni dh ya dhahabu, na γ ni gh ya ghali, ingawa mbele ya sauti e au i hulainika ikakaribia y. Tatizo lake ni tahajia, kwani η, ι, υ, ει na οι zote hutamkwa i. Kwa kuwa unataka kusoma tu, mimi ningechagua ya kale.

Jibu la 2

Hapo sikubaliani na mwenzangu, maana mtu akiisha kuwa na th, dh na gh mdomoni, kuziacha ni hasara. Ila shida yako hasa ni ya macho, na dawa yake ni kalamu. Andika λόγος, yaani "neno", polepole. Mkia wa γ ushuke chini ya mstari, na sigma ya mwisho iwe ς, kwa sababu σ haikai mwishoni mwa neno. Unapoandika ρ, anzia chini ya mstari, panda, kisha zungusha kichwa bila kuinua kalamu. Mkono ukizoea njia hiyo, jicho litaacha kuiita p. Nayo ν ina ncha chini, wakati υ ni ya mviringo. Herufi kubwa zisubiri kidogo.

Jibu la 3

Msisahau alama za mkazo. Sisi tumezoea mkazo uangukao kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barabara lenye maana ya "sawasawa", kwa hiyo alama hizo tunaziruka kana kwamba ni vumbi la karatasi. Katika Kigiriki cha leo, πότε ni "lini" na ποτέ ni "kamwe". Ugiriki ilibakiza alama moja tu ya mkazo mwaka 1982, lakini katika Agano Jipya utakutana na tatu. Ukifuata matamshi ya leo, zisome zote kwa namna moja.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Nimechagua matamshi ya leo. Jana usiku nilinakili mwanzo wa Injili ya Yohana, Ἐν ἀρχῇ ἦν ὁ λόγος, na λόγος nikaisoma bila kusita. Neno ἦν, ambalo hutamkwa "in", nililisoma "hv".