Jenerali Crook aliachia ngazi kwa nini?

Wakuu, huyu George Crook wa jeshi la Marekani mbona aliondoka Arizona 1886 wakati Geronimo, yule kiongozi wa Waapache (wenyeji wa asili wa Marekani) aliyekuwa akipigana na jeshi, alishakubali kujisalimisha?

— Mkuu, alikubali Machi, halafu akalewa pombe ya mlanguzi mmoja akatoroka usiku na watu wake, wakubwa wa Washington wakamlaumu Crook eti anawaamini mno maskauti wa Kiapache (Waapache waliolitumikia jeshi kama wapelelezi), naye akaomba aondolewe, akaja Jenerali Miles mahali pake, Septemba Geronimo akajisalimisha, mchezo ukaisha.

— Crook alikuwa anapanda nyumbu bwana! Mizigo nayo nyumbu tu, mikokoteni ile milima ingeiweza wapi.

— Mi kilichoniuma ni wale maskauti, wametumika weee halafu wakapakiwa kwenye treni kwenda Florida kama wafungwa. Crook alilipigia kelele hilo mpaka anakufa 1890.

— Daah, kumbe.