Residensi ya wafamasia wa hospitali ni usanii mtupu: tunaziba zamu, hatufundishwi

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Uzi ni wa wafamasia, ila kama wewe ni daktari, muuguzi, au uliwahi kulazwa, soma tu, linakuhusu.

Residensi ya mfamasia wa hospitali tunaijua kwa maelezo yake. Umemaliza shahada, leseni unayo, kwa hiyo kisheria unaweza kufanya kazi kesho asubuhi. Unaamua kuongeza mwaka au miwili hospitalini ili uive. Unazungushwa idara kwa idara: wagonjwa mahututi, watoto, saratani, magonjwa ya kuambukiza, lishe ya kwenye mshipa. Kila idara ina mfamasia mzoefu ambaye ni mlezi wako. Anaingia nawe kwenye raundi, anakuuliza kwa nini umekubali dozi hii, kwa nini hujaisimamisha ile. Ndivyo tangazo lilivyosema. Kwa ajili hiyo tumefanya mtihani, tumefanya usaili, tumegombania nafasi za kuhesabu.

Tulichokikuta ni dirisha la dawa.

Sisemi dirishani ni kazi ya dharau. Nimeifanya kabla na nitaifanya tena. Lakini kwa hiyo sikuhitaji residensi, leseni ilinitosha! Jina langu liko kwenye ratiba ya zamu za usiku kama mwajiriwa yeyote, mpaka imefika mahali ratiba ya idara haiwezi kusimama bila sisi. Mfamasia mwajiriwa akiomba likizo, anaitwa residenti. Bohari ikihesabu dawa mwisho wa mwezi, anaitwa residenti. Raundi ya wodini inaanza, residenti yuko wapi? Anatoa dawa dirishani, foleni imefika mlangoni.

Na siku ukichomoka ukaenda kwenye raundi, unaenda peke yako. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Angalieni daktari anayesomea ubingwa: juu yake yuko bingwa, akikosea anarekebishwa palepale. Mfamasia anasimama nyuma ya kundi na karatasi zake, hana mtu. Akisema jambo na likapingwa, hana wa kumwambia "hapo uko sahihi, shikilia" au "hapo umepotea, rudi kasome".

Nitoe mfano, maana wakubwa wetu wanapenda kusema tunalalamika kwa jumla jumla. Mgonjwa anatumia fenitoini kwa ajili ya degedege. Kipimo cha damu kinarudi, kiwango kiko chini. Asiyefundishwa anapendekeza dozi ipandishwe. Sasa angalia albumini, protini ya kwenye damu, ya huyo mgonjwa: iko chini sana. Fenitoini nyingi kwenye damu, kama asilimia 90, hushikamana na albumini, na inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Albumini ikishuka, jumla inaonekana ndogo ilhali dawa iliyo huru inaweza kuwa inatosha kabisa. Pandisha dozi hapo uone mgonjwa anavyoanza kuyumba, macho yanacheza, usingizi haumwishi. Hilo ni somo la dakika kumi pembeni ya kitanda ukiwa na mtu anayejua. Kitabuni limo, ndiyo, sote tulilisoma tukafaulu mtihani. Kulikumbuka saa mbili asubuhi, mbele ya madaktari sita wanaotaka jibu, ni kitu kingine, na ndicho tulichokuja kujifunza.

Au vankomaisini, antibayotiki ya mshipani. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 ulishaachana na kukimbizana na kiwango cha chini, kile kinachopimwa kwenye damu kabla tu ya dozi inayofuata, cha 15 hadi 20 kwa maambukizi mazito ya MRSA, bakteria sugu kwa antibayotiki nyingi, ukaelekeza dozi ipangwe kwa AUC, yaani jumla ya dawa ambayo mwili umekutana nayo kwa saa 24, ilenge 400 hadi 600. Sababu kubwa ni figo: ukilenga kile cha chini tu, unaweza kummiminia mtu dawa kuliko anavyohitaji. Nilipouliza nani atatufundisha hesabu hizo, nikaambiwa zimo mtandaoni. Sawa. Kama kila kitu kimo mtandaoni, programu yenu ni ya nini?

Wakubwa wetu wakisimama kwenye mikutano husema mpango wetu umefuata mfano wa Marekani. Haya, tuufuate basi, wote, sio kipande kinachowafaa. Chama cha wafamasia wa mifumo ya afya cha kule, ASHP, kimekuwa kikithibitisha residensi tangu miaka ya 1960. Kina viwango vilivyoandikwa. Mlezi ana kazi nne zinazotajwa: kufundisha moja kwa moja, kuonyesha yeye mwenyewe anavyofanya, kumrekebisha mwanafunzi anapofanya, na mwisho kumwachia huku akiwa karibu. Kwetu tumeruka hatua tatu tukaanzia kwenye kuachiwa. Huyo wa kuwa karibu naye hayupo, yuko kikaoni.

Saa za kazi nazo zina kikomo kule: 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na vibarua vya nje vinahesabiwa humohumo, na lazima upate siku moja ya mapumziko katika kila saba, kwa wastani uleule. Saa 80 zenyewe ni mateso, na wenzetu wa kule wanazilalamikia sana. Lakini angalau kuna namba ya kulalamikia! Huku kwetu ukiuliza kikomo ni kipi unaangaliwa kama uliyetukana.

Posho siigusi, uzi wake upo na umechemka vizuri.

Nigusie utafiti. Kila residenti anatakiwa awe na mradi wake, na ni jambo jema, nilikuwa naulizia kwa hamu. Wangu ulihusu matumizi ya antibayotiki kabla ya upasuaji, kama zinatolewa kwa wakati na kama zinasimamishwa inavyotakiwa au zinaendelea siku nenda rudi bila sababu. Nimepekua mafaili baada ya zamu, usiku, kwa sababu muda wa utafiti kwenye ratiba ni maandishi tu. Msimamizi sikumwona hata alipotakiwa kuidhinisha fomu ya kukusanyia takwimu, aliidhinisha kwa ujumbe wa simu. Ilipofika muhtasari wa kupeleka kwenye kongamano, jina lake lilitangulia. Akaniambia huo ndio utaratibu. Utaratibu wa nani?

Najua mtakaokuja hapa chini na "sisi tulipita humohumo, mbona tumekuwa watu". Wakuu wangu, kaka na dada zangu mliotutangulia, shikamooni. Lakini kama mlipita humo na mnajua kulivyo, ni nyinyi mlio kwenye viti sasa. Ratiba ya zamu mnaipanga nyinyi. Mnaweza kuniambia mlijifunza kwa kuteseka. Mimi nauliza wagonjwa mliojifunzia walikuwa na hali gani.

Mwingine atasema walezi hawatoshi. Kweli, wafamasia waliobobea ni wachache, na wenyewe wamebebeshwa kazi za utawala mpaka shingoni, siwalaumu wote. Sasa kama mlezi ni mmoja, kwa nini mnapokea maresidenti kwa idadi ya mapengo ya zamu? Chukueni wawili mnaoweza kuwafundisha. Hao wengine waajirini, kwa mkataba wa ajira, na mshahara wa ajira, wajue wamekuja kufanya kazi. Hamtaki, kwa sababu residenti ni mkono wa bei rahisi usioweza kugoma: cheti chake mmekikalia.

Na cheti chenyewe kikitoka, uliza kinakupeleka wapi. Wapo waliomaliza wakarudi kituoni, wakapangwa dirishani palepale, cheo kilekile. Wodi ya wagonjwa mahututi haina nafasi ya mfamasia kwenye muundo wake. Yaani mnafundisha watu, au mnasema mnafundisha, kwa nafasi ambazo hamjaziweka.

Ninachotaka kwa upande wangu si kikubwa. Raundi iwe kwenye ratiba na ilindwe, mtu asitolewe wodini kwenda dirishani. Mlezi awepo, kwa mwili wake, hata mara mbili kwa wiki. Tathmini ijazwe na aliyeniona nikifanya kazi.

Hilo la mwisho limeshaniletea kesi. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kina safu ya "nimefundishwa na", na kila mwisho wa mzunguko tunaandika jina la mlezi, yeye anasaini bila kusoma. Mzunguko uliopita nimeandika "hakuna" kwenye kila mstari ambao hakukuwa na mtu. Kitabu kimerudishwa na karatasi juu yake: kijazwe upya, kwa usahihi. Kiko mezani kwangu na sijabadilisha hata mstari mmoja. Mlio kwenye programu nyingine, nyinyi huwa mnaandika nini kwenye safu hiyo?