Je, VVU vinaweza kuwa sugu kabla mtu hajaanza dawa?

MkaziWaMajengo (Moshi)
Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu amepimwa wiki iliyopita hapa Moshi, akakutwa na VVU na kuanzishiwa dawa siku hiyohiyo. Jirani yetu anadai kwamba virusi vingi siku hizi huja vikiwa sugu tayari, hivyo asimeze kidonge chochote mpaka virusi vyake vipimwe vinasaba. Je, mtu ambaye hajawahi kutumia dawa anaweza kuwa na virusi sugu, na je, asubiri kipimo hicho?

MfamasiaSakina (Arusha)
Ndugu, jirani yako amesikia jambo la kweli akalitolea ushauri wa hatari. Mtu anaweza kuambukizwa virusi vilivyokwisha kuwa sugu mwilini mwa aliyemwambukiza. VVU huzaliana kwa kasi kubwa na hukosea mara kwa mara vinaponakili vinasaba vyake; dawa inapokuwa haba mwilini, nakala ambayo kosa lake linaikinga na dawa ndiyo inayosalia na kuenea. Dawa za VVU za zamani, efavirenzi na nevirapini, zilishindwa kirahisi, kwa sababu badiliko moja tu, kama lile liitwalo K103N, linatosha kuzivunja nguvu, na kwa kuwa halividhoofishi sana virusi, linaweza kudumu miaka mingi hata kwa mtu ambaye hajagusa dawa.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka asilimia 10 ya wanaoanza tiba kuwa kiwango cha usugu kwa dawa hizo ambacho nchi ikikifikia inapaswa kutafuta dawa nyingine za mstari wa kwanza, yaani za kuanzia tiba. Tanzania ilianza kuhamia TLD mwaka 2019, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja cha kila siku. Dolutegraviri haiathiriwi na K103N, na virusi hupata taabu kubwa kuishinda. Kipimo cha usugu ni ghali na hakifanywi kwa kila anayeanza. Ameze dawa.

MamaKiboriloni (Moshi)
Mwanangu, pole kwa hayo. Mimi ni mshauri rika katika kituo cha tiba na matunzo, na ninaomba umuulize mdogo wako kwa upole kama kweli ni mara yake ya kwanza kupewa dawa, maana aliyewahi kuzitumia akaziacha anaweza kuwa na usugu. Wengi huja kwetu kama wateja wapya ilhali wana kadi ya CTC, yaani ya kituo kama chetu, ya wilaya nyingine waliyoificha kwa kuogopa kugombezwa. Akina mama huwa tunawauliza pia kuhusu dawa walizopewa kliniki ya wajawazito, na vijana kuhusu PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU.

MkaziWaMajengo
Shikamoo mama, na ahsante. Nimemuuliza. Mwaka 2017 alipokuwa Mirerani alipewa chupa ya vidonge vya kumeza usiku. Vikamletea kizunguzungu na ndoto za kutisha, akaviacha bila kumwambia mtu. Je, hilo linabadili chochote?

MfamasiaSakina
Linabadili. Kwa maelezo hayo, huenda chupa ile ilikuwa na efavirenzi, na tatizo lake ni namna inavyotoka mwilini. Mtu akiacha ghafla, dawa zilizoambatana nayo hutangulia kuisha, nayo hubaki katika damu kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, ikipambana peke yake kwa nguvu inayopungua; hapo ndipo usugu hupata nafasi. Tafiti za Shirika la Afya Duniani zimeonyesha kwamba wanaorudi kwenye tiba wana usugu kwa kundi la dawa kama efavirenzi na nevirapini hadi mara 3 ya wale walio wapya kabisa.

Aendelee na TLD bila kuruka siku, lakini habari hiyo iandikwe kwenye faili lake, ili kipimo cha wingi wa virusi cha mwezi wa 6 kikisomwa juu, daktari ajue anatafuta nini. Hata dolutegraviri si ngome: taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilionyesha usugu wa asilimia 3.9 hadi 8.6 miongoni mwa watumiaji ambao virusi vyao havikufubazwa. Aseme pia kama anatibiwa kifua kikuu, maana rifampisini huishusha dolutegraviri na dozi yake huongezwa, na kama anatumia dawa za kiungulia, ambazo hazimezwi pamoja nayo.

MamaKiboriloni
Marahaba, mwanangu. Mlete Jumatatu asubuhi, aje na ile kadi ya Mirerani kama bado anayo. Hakuna atakayemgombeza.