Je, kitabu cha historia kikitaja makabila kinavunja umoja wa Taifa?

Ndugu wachangiaji, tangu mitaala iliyoboreshwa ianze kutumika Januari 2024 na somo la Historia ya Tanzania na Maadili kuingia madarasani, imekuwa ikirudiwa hoja kwamba kuwafundisha watoto habari za makabila ni kuchezea umoja uliojengwa kwa taabu, na kwamba kitabu cha shule kimlee mtoto awe Mtanzania, basi. Wanaoitoa hoja hiyo wanaipenda nchi na ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao.

Tuichukue Vita vya Majimaji, maana hakuna mada inayobebeshwa umoja wa Taifa kuliko hiyo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kati ya 1905 na 1907 Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo waliunganishwa na imani ya maji ya dawa ya mganga Kinjeketile, yaliyosemwa kuwakinga na risasi, wakapigana na Mjerumani. Ni kweli. Ila mwulize kwa nini Wahehe, waliopambana na Wajerumani hao hao chini ya Mkwawa miaka michache tu kabla, hawakujiunga, wengi watanyamaza. Mkwawa alikuwa amekufa 1898 na utawala wake ulikuwa umevunjwa, na tena kati ya Wahehe na Wangoni kulikuwa na kumbukumbu ya vita vikali vya karne ile. Leo Mhehe na Mngoni ni watani. Mtani huingia msibani akawatania wafiwa, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika, kwa sababu wazee wa pande zote mbili waliamua kwamba uadui wao uishie kwenye maneno. Hapo ndipo mtoto angeona umoja ukitengenezwa na watu waliokwisha kuuana, na ni hapo hapo tunapomfungia kitabu kwa kuogopa kutaja makabila.

Isitoshe, kunyamaza kwetu hakuwi sawa kwa wote. Katika notisi za historia zinazozunguka mikononi mwa wanafunzi wa sekondari, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutajwa kama mfano wa jamii ya ujima, yaani hatua ambayo binadamu wengine walikwisha kuivuka, na nyingine huandika "Wahadzabe na Watindiga" kana kwamba ni watu wawili, ilhali Watindiga ni jina ambalo Wahadzabe waliitwa na majirani zao. Kosa hilo hunakiliwa mwaka hadi mwaka. Mtoto wa Kihadzabe aliyefika kidato cha pili anasoma kwamba mama yake ni masalia ya kale, na hakuna ukurasa mwingine unaomtaja.

Wapo wanaotukumbusha Rwanda, na onyo lao ni zito. Kabla ya 1994 kabila la mwanafunzi liliandikwa shuleni na lilihesabiwa katika kugawa nafasi za masomo. Baada ya mauaji ya kimbari Serikali ilisitisha kwa muda ufundishaji wa historia ya nchi. Lakini yale yalikuwa kabila kutumika kama kipimo cha nani apate na nani akose, jambo ambalo hakuna anayelitaka hapa, na mimi ningekuwa wa kwanza kulipinga. Kumweleza mtoto wa Kilwa jinsi Wairaqw wanavyolima miteremko ya Mbulu hakumpunguzii yeyote nafasi ya shule.

Mwalimu Nyerere naye huletwa kama shahidi wa kunyamaza. Lakini katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni, alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba kuliko ngoma zetu za jadi kama Gombe Sugu na Lelemama.

Ugumu ninaouona ni wa utekelezaji. Mwalimu aliyetoka Bukoba akapangiwa Newala hawezi kutegemewa kujua habari za Wamakonde, wala kitabu kimoja hakiwezi kubeba makabila zaidi ya 120. Napendekeza sehemu ya somo iwe kazi ya wanafunzi kuwahoji wazee wa pale shule ilipo na wa kabila jingine wanaloishi nalo, na kazi hiyo ihesabiwe katika alama. Shule zetu hufundisha kinachotahiniwa. Bila alama, kazi hiyo itarukwa.