Gemu za DOS kwenye BBS zinagoma Windows 10, msaada wakuu

nodi_moja:
Habari zenu wakuu, nimeinstoo Synchronet (programu ya kuendesha BBS, yaani ubao wa meseji na gemu ambao watu wanaingia kutoka mbali) kwenye PC yangu ya Windows 10 biti 64, BBS yenyewe iko poa kabisa, naingia kwa telneti (muunganisho wa maandishi tu kupitia mtandao), menyu zinakuja, meseji zinaandikika. Shida ni gemu za DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta) zile wanaziita milango, yaani programu za nje ambazo BBS inamfungulia mchezaji. Nataka Legend of the Red Dragon, ile ya 1989, mi na binamu zangu wawili tucheze kila mtu na zamu yake ya siku. Nikiichagua kwenye menyu skrini inakuwa nyeusi sekunde moja halafu narudi nilikotoka. Nimebadilisha setingi za SCFG (programu ya setingi ya Synchronet) usiku mzima, nimekosea wapi?

modemu_kale:
Hujakosea setingi mkuu. Windows ya biti 64 haina NTVDM (kipande cha Windows kinachoendesha programu za DOS), na bila hiyo programu ya DOS ya biti 16 haifunguki hata uibofye mwenyewe nje ya BBS. Weka Windows 10 ya biti 32 kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), washa NTVDM kule kwenye Legacy Components, basi. Synchronet ina FOSSIL yake ya ndani (draiva inayounganisha gemu na laini ya mchezaji), huhitaji draiva nyingine.

waya_mweusi:
Njia ya mkuu hapo juu inafanya kazi ila kama hutaki Windows ya pili tumia DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS), mi ndo natumia. DOSBox ina kitu kimewekwa kwa ajili ya BBS hasa, inarithi soketi (muunganisho wa mtandao) ya mtu aliyeingia. Kwenye SCFG iambie hii ni programu ya Windows, ya DOS hapana, na komandi iwe

dosbox -socket %h -conf c:\milango\lord.conf

halafu ndani ya lord.conf

[serial]
serial1=nullmodem inhsocket:1

[autoexec]
mount c c:\milango
mount d c:\sbbs\node1
c:
bnu
cd lord
call start.bat 1
exit

BNU ndo draiva ya FOSSIL, usiisahau maana gemu linaongea na laini kupitia hiyo. Na hiyo call usiitoe kabisa, mi nilihangaika siku mbili, mchezaji akitoka kwenye gemu anabaki kaning'inia, harudi kwenye menyu, kumbe faili la BAT likiita lingine bila call halirudi tena kumalizia mistari yake, kwa hiyo exit ilikuwa haifikiwi.

nodi_moja:
Asante sana mkuu!! Sasa gemu linafunguka lakini kwenye dirisha la DOSBox pale kwenye seva, mi niliyeingia kwa telneti naona giza tu

waya_mweusi:
Fungua DOOR.SYS (faili ambalo BBS inaandikia gemu taarifa za mchezaji) na Notepad usome mstari wa kwanza. Ukiona COM0: gemu linadhani mchezaji amekaa palepale kwenye seva, inatakiwa COM1:. Na kwenye LORDCFG (programu ya setingi ya gemu lenyewe) njia ya faili hilo uandike D:\ usiandike c:\sbbs\node1, DOSBox inaona kile ulichomount peke yake. Halafu uliingia kwa telneti kweli au SSH? Kwa SSH data kwenye soketi imefichwa kwa msimbo, DOSBox ikiirithi hivyohivyo inapata takataka.

nodi_moja:
Ilikuwa COM0: kweli, na njia niliandika ile ndefu. Nimerekebisha vyote na LIMEFUNGUKA, herufi nyekundu zile zimejaa skrini nzima, binamu yangu wa Tanga kaingia sahivi yuko msituni anapigana, mi nimesubiri hii wiki nzima wakuu Mungu awabariki. Nikitaka nodi ya pili (nafasi ya mtu mwingine kuingia) tucheze wote kwa pamoja?

modemu_kale:
Tengeneza conf ya pili, d ielekeze node2 na start.bat ipewe 2, halafu kwenye komandi badala ya lord.conf andika lord%#.conf, hiyo %# Synchronet inaweka namba ya nodi yenyewe, kwa hiyo conf ya kwanza iite lord1.conf na ya pili lord2.conf. Na LORDCFG uiongezee nodi ya pili.